Kilo Tatu za Majani

Bwana Mukhwana, mtunza hazina,
umeizungushia risiti yangu wino mwekundu:
*majani ya chai, kilo tatu.*
Pembeni umeandika: Nani alikunywa?
Keti. Sogeza hicho kikopo cha pini, kitakuchoma.

Sanduku lilifika kutoka ng'ambo Jumanne,
jozi arobaini za viatu vya ncha,
vya hariri, na kila jozi imepigwa chapa:
rangi ya ngozi.
Nikatoa kimoja, nikakilaza juu ya mkono wangu.
Ngozi ya nani?
Ya kinda aliyeangua asubuhi ile, labda.

Bi Akeyo hakucheka.
Yeye aliyelitoa popo ghala la pamba nyuma ya reli,
akafunga bomba la maji ukutani liwe la kushikilia,
akawahesabia nane, nane, nane
watoto wa Manyatta na Nyalenda
mpaka wakawa watu wazima wenye mishahara
(midogo, unaijua kuliko mimi),
alisema tu: "Perpetua,
mguu usikatike kwenye kifundo.
Aliyekaa nyuma kabisa auone mstari mmoja,
toka nyonga hadi ncha."

Nikainjika sufuria.

Jepkemboi, chemsho moja, akatoka sawasawa.
Kemunto, konzi mbili, vilale usiku kucha.
Odera hapana, wanaume huvaa vya ngozi laini, vyeusi, Mungu awabariki.
Lakini Apondi!
Apondi nilimchemshia mara tatu,
nikaongeza kahawa, nikaongeza maganda ya vitunguu,
na bado kiatu kilibaki nyuma ya mguu
kama mtoto anayemkimbilia mamaye sokoni.
Majirani wa Kibuye wakaja mlangoni:
chai yote hii, kuna msiba?
Nikasema hakuna aliyekufa.
Bado.

Wewe ulikaa mbele usiku ule, na mkeo.
Uliona gugumaji likiingia ghubani,
wachezaji ishirini bega kwa bega,
kijani, kijani, kisha zambarau ikafunguka,
hakuna aliyejua nani anamsukuma nani.
Mimi sijawahi kuuona mchezo huo.
Mimi naujua kutoka pembeni, kwa magoti,
uzi mdomoni:
naona vifundo,
nasikia mbao zikigongwa, tok, tok, kama mvua inayoanza
juu ya mabati ya mtu mwingine.
Namsikia Mzee Harshad na piano yake yenye pengo;
sauti ikikosekana huiimba mwenyewe, polepole,
akidhani hatusikii.

Sehemu ya pili, sami wakaingia.
Wale visubi wa ziwani, wingu zima,
wakafuata taa.
Waliingia machoni, puani,
wakajipaka kwenye sketi nilizozitia wanga siku mbili.
Kemunto alimeza wangapi, sijui,
na uso wake ulibaki vilevile, kama maji ndani ya mtungi.
Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo.
Bi Akeyo kanong'ona gizani:
"Mwaka ujao tuwaandike kwenye programu."

Kiatu hiki, bwana, huishi usiku mmoja.
Asubuhi ukikibonyeza ncha kimelegea kama ndizi iliyolala juani.
Nilivikusanya peke yangu.
Pamba yenye damu kidogo. Kucha moja, nzima,
sikuuliza ni ya nani.
Nikakifikia cha Apondi.
Jasho, vumbi la jukwaa, chai yangu, yote yamechanganyika,
na pale dirishani nikaona
kiatu kimefika.
Rangi yake hasa, mpaka kivuli kilicho juu ya kisigino.
Kimekufa, na kimefika.

Kile kimoja sikukitupa. Kipo kwenye droo ya vifungo;
usiandike hilo.

Andika hivi: ilinywa miguu.
Na mwezi ujao weka kilo nne.
Apondi amepewa nafasi ya mbele,
atavunja jozi mbili kila usiku.